Mpunga Haukuguswa

Mpunga wangu haukuguswa hata punje. Jambo hili nimeambiwa na watu wazima na akili zao, wengine wakiwa wametoka misani na suti zao, na wote walitaka nishukuru. Nimeambiwa wodini, nimeambiwa jikoni kwangu, nimeambiwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Mtu anasogea karibu, anashusha sauti, anasema lakini tukubaliane, mpunga wako hakuukanyaga. Basi nimeona niandike habari za huyu bwana aliyeuheshimu mpunga, ili heshima yake isije ikasahaulika.

Tunaishi Katindiuka, pembeni mwa Ifakara. Tangu tupate lami, watu wa kwetu wameacha kuanika mpunga uani. Lami inashika joto, mpunga unakauka upesi na haubaki na mchanga. Kila nyumba ina kipande chake cha barabara, na ole wako utandike turubai kwenye kipande cha jirani. Unatandika nusu ya njia, unamwaga mpunga, unaweka matawi na mawe mwanzo na mwisho ili wenye magari waone, halafu mtu mmoja anakaa ng'ambo, kwenye kivuli, na fimbo ya kufukuzia kuku na mbuzi. Ni kosa. Trafiki wametuambia mara nyingi kuwa ni kosa, nasi tunawaitikia vizuri sana, wakiondoka tunamwaga mpunga.

Madereva nao wana adabu yao. Mpunga wa mtu haukanyagwi. Gari likipita juu yake punje zinapasuka ndani ya ganda, na siku ya kukoboa unabeba chenga badala ya mchele. Kwa hiyo wote wanakwepa, kuanzia mwenye baiskeli mpaka mwenye Fuso, na mtu anajifunza kukwepa mpunga miaka mingi kabla hajaiona leseni kwa macho yake.

Aliyeijua habari ya chenga kuliko wote ni mwenye mashine ya kukoboa, ndiye ninayemsema. Simtaji jina. Anajijua, na wanaomsujudia wanamjua. Mashine yake iko mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na mpunga wa karibu kila nyumba unapita mikononi mwake. Zaidi ya mashine alikuwa na Noah, na Noah hiyo ndiyo iliyokuwa gari letu la wagonjwa. Mwanamke akishikwa na uchungu, anapigiwa simu yeye. Mtu akifia hospitali, maiti inarudi nyumbani na Noah ile ile, viti vya nyuma vimelazwa. Alilipwa kwa kazi hiyo, na haikuwa bei ya ndugu, lakini watu walimshukuru kana kwamba hajalipwa. Yeye alipokea vyote viwili, fedha na shukrani. Kwenye harusi aliwekwa meza ya mbele. Kwenye misiba alipewa kiti chenye mgongo, na wazee waliomzidi umri wakakaa kwenye mkeka.

Siku hiyo aliyekuwa analinda mpunga ni mama mkwe wangu. Sitasingizia kwamba tulipendana. Yeye ni Mpogoro, ameletwa bondeni na marehemu mumewe kutoka upande wa Mahenge, ni mwanamke wa rozari kila alfajiri. Mimi nimezaliwa kwenye kambi za miwa, baba Mnyakyusa na mama Mhehe, na mpaka leo akinitambulisha kwa mgeni anasema huyu alitoka kwenye miwa, kama vile niliokotwa huko. Tulikuwa tunaelewana kwenye kazi tu. Kazi aliijua, na alipokaa kwenye kigoda chake na ile fimbo hakuna kuku aliyethubutu.

Ilikuwa kuelekea adhuhuri, jua limewaka, barabara nyeupe. Niliingia uani kuchukua reki ya kugeuzia mpunga. Nikasikia gari linakuja kwa kasi, nikasikia breki, halafu kishindo kifupi ambacho sina haja ya kukieleza. Nilipotoka, Noah ilikuwa nje ya lami upande wa kulia, pale kivulini ambapo siku zote hapapiti kitu zaidi ya mbuzi. Kigoda kilikuwa kimepasuka. Mama mkwe alikuwa chini, mguu wake mmoja umegeuka vibaya kutoka chini ya goti. Mwenye mashine alikuwa amefungua mlango na kushusha mguu mmoja ardhini. Alimtazama mama. Akanitazama mimi na reki yangu. Halafu akarudisha mguu ndani, akafunga mlango, akarudi nyuma kidogo, akaingia barabarani taratibu, akauzunguka mpunga kwa uangalifu mkubwa, akaenda zake.

Nilisimama pale nikidhani anakwenda kugeuza gari mbele ili alilete vizuri. Nilimdhania hivyo kwa muda ambao sasa ukinikumbusha naona aibu kwa niaba yake. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika lenyewe bila kupigiwa simu, viti vyake vinalala, dereva wake yupo, na limeondoka tupu.

Nilimfunga mama mguu kwa khanga mbili na kipande cha ubao. Kilichopatikana ni pawatila ya jirani, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, na tela lake ambalo asubuhi lilikuwa limebeba samadi. Tukamlaza humo juu ya magunia. Anayejua pawatila anajua mwendo wake, na anajua tela lisilo na springi. Kila shimo lilipita kwenye ule mguu. Mama mkwe hakulia. Aliuma ncha ya khanga na kunikazia macho, na njia nzima nilikuwa naushika ule ubao na kumtukana mwenye mashine kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Hospitali walimpokea, wakaanza kumhudumia, wakaniagiza nikalete PF3, ile karatasi ya polisi ambayo mtu aliyegongwa lazima awe nayo. Nikaenda kituoni. Nilimkuta trafiki mwanamke, sajini, akaniuliza nani amegongwa, wapi, amegongwa na nani. Nikamjibu. Ukoo wa mume wangu mpaka leo wanasema mimi ndiye niliyekwenda kumshitaki mwenye mashine. Mimi nilikwenda kuchukua PF3. Lakini ukiulizwa na polisi nani kamgonga mama yako, na wewe umemwona kwa macho yako mchana kweupe, utajibu nini? Kumbe wenzangu walikuwa na jibu jingine ambalo huko kwenye miwa hatukufundishwa.

Kesho yake mwenyewe alikuja wodini. Hakuja kusema ni mimi. Alikuja kutoa pole, kwa sababu kwetu asiyetoa pole anaonekana mbaya, na yeye hakutaka kuonekana mbaya. Alileta machungwa. Nilikuwa nimekwishawaambia wote waliokuwa pale kwamba huyu ndiye, kila mtu alijua, na bado wifi yangu alimfutia kiti kwa upindo wa khanga yake. Alikaa, akauliza madaktari wamesemaje, akatikisa kichwa. Kisha akamwambia mgonjwa kwamba amesikia amepata matatizo. Amesikia! Mama mkwe aligeuza uso ukutani. Wakasema ni maumivu.

Haukupita muda madaktari wakatueleza kwamba mguu hauwezi kuokolewa. Mfupa ulitoka nje, kidonda kikaingia uchafu, na safari ile ya kutikiswa iliongeza. Daktari hakumlaumu mtu, alisema tu kwamba majeruhi wa namna ile anatakiwa alazwe, atulizwe, afikishwe mapema. Mume wangu aliweka sahihi huku machozi yanamtoka. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Sasa ukoo ukakutana. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo na hajawahi kukosa la kusema. Upande wa mwenye mashine walikuja na mbuzi, kreti za soda, na gunia la mchele, mchele mzuri usio na chenga. Mwenyewe hakuja, alituma kaka yake. Kaka alisema yaliyotokea ni mipango ya Mungu, na kwamba ndugu yake anaumia sana moyoni. Akasema tusisahau ni nani anayebeba wagonjwa wetu. Akasema pia kwamba akifungwa, mashine itasimama msimu wa mavuno, sijui watu wataukobolea wapi mpunga wao. Hapo niliona wanaume wameinua vichwa. Mguu wa mama yao haukuwainua, ila mashine iliwainua.

Ndipo baba mkubwa akasema lile neno. Alisema yeye alikwenda kupaona mahali pale, akakagua, na kweli yule bwana alijitahidi, maana mpunga hakuugusa. Wakaitikia. Wazee wenye ndevu nyeupe waliitikia kwamba mpunga hakuugusa. Mtu alikuwa na mambo matatu ya kuchagua, afunge breki mapema, apite juu ya mpunga, au ahamie kulia alipokaa mwanamke mzee, naye akachagua mwanamke mzee, na wanawe na shemeji zake wanampa alama.

Mimi kama mkamwana sikuwa na nafasi ya kusema, nilikuwa jikoni na wenzangu. Nilisema hivyo hivyo, kutokea mlangoni, mikono ina vitunguu.

"Baba, shikamoo. Naomba kuuliza. Mama ameulizwa?"

Baba mkubwa aliniambia mama ni mgonjwa, hawezi kusumbuliwa. Akaongeza kwamba aliyeanika mpunga barabarani ni mimi, na kama ni kosa basi la kwanza ni langu. Nikamwambia sawa, nishitakiwe na mimi, twende wote kizimbani, mimi na mwenye mashine, nitapanda wa kwanza. Mume wangu alikuwa anaangalia kucha zake. Nilimpenda mume wangu siku nyingi kabla ya siku hiyo na nimempenda baadaye, lakini siku hiyo nilimdharau, na yeye anajua. Mbuzi akachinjwa. Ikatangazwa kwamba yamekwisha, watu wakala.

Wakiwa wameshiba wakaenda polisi, baba mkubwa na wenzake wawili, na mimi nikaamriwa nifuatane nao ili niyafute maneno yangu. Yule sajini aliwasikiliza mpaka mwisho. Baba mkubwa aliongea vizuri, alitumia neno suluhu mara nyingi. Alipomaliza, sajini akamwambia kwamba kusameheana ni jambo jema na wanaweza kuendelea nalo, lakini mashtaka si ya ukoo, ni ya Jamhuri, na ukoo hauwezi kuyafuta. Baba mkubwa akauliza, kama waliokosewa wamesamehe, nani mwingine amekosewa.

"Mzee wangu, kugonga kunaweza kumpata yeyote, hata mimi hapa," sajini akamjibu. "Lakini dereva akigonga anasimama, anamsaidia aliyeumia, anakuja kutoa taarifa. Huyu hakufanya hata moja. Hilo ni kosa la peke yake, hata kama mama angenyanyuka pale akajikung'uta vumbi."

Baba mkubwa alisema yule bwana aliogopa wananchi wenye hasira kali. Wote tunajua madereva wanavyopigwa na kuchomewa magari. Sajini akasema sheria inalijua hilo, ndiyo maana anayeogopa kupigwa anaruhusiwa kuondoka, mradi aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Kituo ndicho hiki. Siku ile alikwenda wapi? Hapo mimi nikasema, maana nilikuwa nimeulizia. Alikwenda mashineni, akawasha injini, akakoboa mpunga wa watu mpaka jioni. Na wananchi wenye hasira kali tulikuwa wawili, mmoja ana reki na mwingine amelala chini.

Tulirudi nyumbani. Baba mkubwa alikuwa amekula mbuzi wa suluhu isiyokuwepo, na nilifurahi kuona amevimbiwa.

Kesi ilisikilizwa mahakama ya wilaya. Mashtaka yalikuwa kuendesha gari bila uangalifu, kushindwa kusimama na kumsaidia majeruhi, na kushindwa kutoa taarifa. Nilitoa ushahidi wangu. Wakili wake aliniuliza sana habari za kuanika mpunga barabarani, nikakubali kwamba nilianika. Mama mkwe aliletwa na magongo yake, akaulizwa machache, akasema alikuwa amekaa, gari likamjia, likaondoka. Hakuongeza kitu.

Kule polisi, mwenye mashine alikuwa ameandikisha maelezo kwamba hakujua kama amegonga mtu. Alidhani ameparuza kigoda. Alikuwa hakujua na pia alikuwa ameogopa, vyote kwa pamoja, sijui mtu anaogopaje kisichotokea. Angebaki na uongo wake huo labda ungemsaidia. Lakini alipanda kizimbani akawaona watu wa Katindiuka wamejaa kwenye mabenchi, wateja wake wote, na sifa ikamwasha. Alitaka wajue kwamba yeye ni dereva mwenye malezi. Akaanza kueleza. Alisema aliuona mpunga tangu mbali. Aliona matawi, akaona turubai mbili, akaona mpunga ulikuwa umekauka tayari, umefikia kukobolewa. Akasema akajiambia huu ni mpunga wa watu, sitaukanyaga, akaupisha kwa nafasi ya kutosha, na hata wakati wa kuondoka aliuzunguka. Watu kwenye mabenchi walitikisa vichwa kukubali. Yeye akaona wamekubali, akanyoosha shingo.

Mwendesha mashtaka hakuwa na haraka. Alimuuliza kama macho yake ni mazima. Akasema ni mazima kabisa. Akamuuliza, mpunga aliuona mpaka akajua umekauka? Ndiyo. Na mwenye mpunga aliyetoka na reki, alimwona? Akajibu ndiyo kabla wakili wake hajainuka.

"Kwa hiyo wakati unaondoka ulimwona na mama."

Akatafuta maji ya kunywa, hayakuwepo. Akasema alimwona, lakini. Hiyo "lakini" haikupata mwenzake mpaka akashuka.

Hakimu alimtia hatiani kwa makosa yote. Alisema mpunga haukupaswa kuwa barabarani, na hilo linaweza kueleza kwa nini gari liliyumba, lakini haliwezi kueleza kwa nini liliondoka. Alisema hofu ya kupigwa haikubaliki kwa mtu ambaye hakukanyaga kituo cha polisi mpaka alipofuatwa. Akampa faini au kifungo kama atashindwa kulipa, leseni akanyang'anywa kwa muda, na mama akaelezwa kwamba njia ya kudai fidia, kwa aliyemgonga na kwa bima, iko wazi. Baba mkubwa aliposikia bima, akauliza kwa sauti madai hayo yanaandikishwa dirisha gani. Yule yule wa suluhu.

Faini ililipwa siku hiyo hiyo, na mwenye mashine akatoka nje akiwa huru. Watu wa kwetu walimzunguka, wakampa mikono kama mtu aliyetoka safari, wakamwambia afadhali yamekwisha. Nilitazama zile suti na zile khanga mpya, na niliwadharau mmoja mmoja, nikianzia mbele. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi za mahakama, magongo yake mawili pembeni, anangoja bajaji.

Mwenye mashine aliwaacha watu wake, akaja pale kwenye ngazi, na wote wakamfuata, maana walijua ni jambo zuri la kutazama, mtu mkubwa anapojishusha. Aliinama kweli, mkono mmoja kifuani, mwingine ameunyoosha.

"Shikamoo, mama."

Tukangoja. Mkwe wangu huyu nimemwona akimjibu marahaba mlevi, akimjibu mwizi wa kuku, akimjibu Msukuma ambaye ng'ombe wake walimaliza shamba lake. Hajawahi kumnyima mtu. Alimtazama tu yule bwana, mpaka baba mkubwa akamnong'oneza, mama, unasalimiwa.

"Siku ile, kabla huyu hajatoka na reki, mimi nilikuita," akasema. Hakuwa amelisema hili kule polisi, wala mahakamani, wala kwangu. "Nilikuita mwanangu. Nilisema mwanangu, nimeumia, usiniache. Ukashusha mguu. Nikajua umeitika."

Bajaji ilikuwa imefika, dereva anatungoja. Mama mkwe akaninyooshea mkono mimi wa kwenye miwa, nikamwinua, nikampa magongo yake, na tukaondoka, yule bwana akiwa bado ameinama.